Ukubwa wa Kamera na Uso wa Mtu

Mji wa Tunduma, ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mji ambao mpiga picha hakosi kazi. Kwani msafiri anayetafuta hati ya kuvukia kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hutakiwa picha ya sura yake, mwanafunzi aliyehitimu hutaka ukumbusho wa joho lake, na maharusi wa Mbozi, kahawa ikishauzwa na fedha ikishapatikana, hawaoni sherehe imetimia mpaka picha yao kubwa imetundikwa ukutani. Palipo riziki huzuka mashindano, na katika mashindano hayo kuna swali linalowasumbua wengi: je, mtu aliyekwisha kupata kamera ya fremu kamili, yaani fulufremu, aongeze fedha anunue ile ya umbo la kati, ambayo mafundi huiita midiamu fomati, kwa kuamini kuwa ukubwa wake utaupa uso wa mteja haiba isiyopatikana katika kamera ndogo? Wauzaji hulijibu swali hili kwa haraka. Elimu ya nuru hulijibu kwa taratibu, na jibu lake ni kwamba ukubwa ni faida ya kweli, lakini ni faida yenye masharti, na mengi ya masharti hayo hayatimii katika kazi ya kila siku ya mpiga picha wa Songwe.

Fremu kamili ni kipimo cha bamba la kupokea nuru, ambalo siku hizi ndilo lililokalia kiti cha filamu, lenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Asili ya kipimo hiki haikuwa nyuso za watu bali sinema. Kwani Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, aliichukua filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35, akailaza, akazifanya fremu mbili kuwa moja, na mwaka 1925 kamera yake ya Leica ikaingia sokoni. Umbo la kati lilitangulia, maana filamu yake iitwayo 120 ilitolewa na Kodak mwaka 1901, nayo ndiyo iliyotumiwa na Rolleiflex, na pia na Hasselblad tangu mwaka 1948, na picha yake ya mraba ilikuwa na milimita 56 kila upande. Katika zama hizo za filamu, studio za picha zilistawi Afrika: Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Mombasa, N. V. Parekh alijipatia sifa kwa picha za vijana na maharusi. Na huko Mali, Seydou Keïta alitumia kamera kubwa ya bamba la sentimita 13 kwa 18, ilhali Malick Sidibé, aliyetunukiwa tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, alituachia miraba mashuhuri ya umbo la kati. Mafundi wa enzi hizo walipenda filamu kubwa kwa sababu filamu ndogo, ikikuzwa sana, chembe zake zilionekana usoni mwa mtu mithili ya mchanga.

Lakini jina limebaki na kipimo kimepungua. Kamera nyingi za kidijitali zinazouzwa leo kwa jina la umbo la kati, kama zile za Fujifilm GFX na Hasselblad X, zina bamba la milimita 43.8 kwa 32.9. Eneo lake ni milimita mraba 1,441, ilhali la fremu kamili ni 864, na la mraba wa filamu ya zamani ni 3,136. Maana yake ni kwamba umbo la kati la leo huizidi fremu kamili kwa mara 1.67 tu, na halifikii hata nusu ya lile umbo la kati ambalo wazee walilisifu. Kwa hiyo anayenunua kamera mpya kwa kutarajia miujiza ya picha za kale atakuwa amenunua jina zaidi kuliko kitu.

Faida ya eneo kubwa humdhihirikia yeyote aliyewaona wakulima wa Mbozi wakianika kahawa: jua linaloangukia shubiri moja ni lile lile, kiwe kichanja kikubwa au kidogo, lakini kichanja kipana hukausha kahawa nyingi zaidi kwa mchana ule ule. Nuru nayo huja kwa chembe, na chembe hizo haziji kwa safu zilizopangwa bali kwa bahati. Zikitarajiwa mia, hesabu yake hupanda na kushuka kwa kumi, yaani kwa asilimia kumi, ilhali zikitarajiwa elfu kumi, hesabu hupanda na kushuka kwa mia, yaani kwa asilimia moja tu. Kupanda na kushuka huko ndiko tunakokuona katika picha kwa sura ya chengachenga, hasa penye giza. Bamba linalopata nuru mara 1.67 huwa na usafi unaozidi kwa kipeuo cha pili cha hesabu hiyo, yaani mara 1.29 hivi: tofauti ambayo jicho la fundi laweza kuitambua kivulini, lakini ambayo mteja aghalabu haioni.

Sharti la kwanza la faida hii ni kwamba lenzi ziwe na uwazi ulio sawa, nalo ndilo sharti ambalo soko halilitimizi. Wapendao picha za watu hutaka uso uwe mkali na nyuma ya uso pawe na ukungu laini. Na ukungu huo, maadamu mtu yuko umbali ule ule na amejaza fremu kiasi kile kile, hauamuliwi na bamba bali na upana wa tundu la lenzi. Lenzi mashuhuri ya nyuso katika kamera za Fujifilm GFX ni ya milimita 110 yenye uwazi wa f/2, na 110 ikigawanywa kwa 2 hutoa tundu la milimita 55. Lenzi ya milimita 85 yenye uwazi wa f/1.4, ambayo kwa fremu kamili hupatikana kwa watengenezaji kadhaa, ina tundu la milimita 61 hivi, na zipo za f/1.2 zenye tundu la milimita 71. Basi kamera ndogo, ikivikwa lenzi hiyo, hutoa ukungu mzito zaidi, na ukumbini usiku, nuru inapokuwa haba, huchota nuru nyingi zaidi kutoka katika uso ule ule kuliko kamera kubwa na lenzi yake.

Tugeuze kadhia upande wa pili. Familia imesimama mbele ya Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi lililotoka angani, na baba mwenye nyumba anataka nyuso zote na kimondo chenyewe vionekane barabara. Hapa tundu halina budi kubanwa. Na kina cha ukali kinachopatikana kwa f/8 katika fremu kamili, katika umbo la kati hudai f/10, hata nuru iliyozidi kwa ukubwa wa bamba ikapotea kwa udogo wa tundu. Faida hurejea pale tu ambapo nuru ni maridhawa na watu wametulia, kilango cha kamera kikaweza kukaa wazi muda mrefu zaidi bila mtoto kutikisika.

Kuna dai jingine lisemwalo sana, kwamba umbo la kati huufanya uso uwe na umbile la asili, pua isivimbe wala masikio yasirudi nyuma. Lakini umbile la uso halitokani na bamba bali na mahali aliposimama mpiga picha. Akisimama nusu mita kutoka puani, na masikio yakiwa sentimita kumi nyuma, pua itakuzwa kuliko masikio kwa asilimia 20; akirudi hadi mita mbili, tofauti hushuka hadi asilimia 5. Hatua za kurudi nyuma hazinunuliwi.

Tuliangalie sasa jua la Songwe lenyewe. Mkoa huu uko karibu nyuzi tisa kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Kwa kuwa Tunduma iko magharibi ya nchi, adhuhuri yake ya kweli huangukia kati ya saa sita na nusu na saa saba na dakika chache kwa saa ya Tanzania, ilhali saa ya Nakonde, hatua chache ng'ambo, iko nyuma kwa saa moja. Hivyo mpiga picha afuate kivuli chake, asifuate saa ya upande wowote. Katika jua hilo macho hufunikwa na kivuli cha paji, na dawa yake ni flashi. Lakini kwa ISO 100 jua kali hudai f/16 kwa kasi ya 1/125, nayo 1/125 ndiyo kasi ya juu ambayo kamera za GFX hukubaliana na flashi ya kawaida. Atakayefungua lenzi hadi f/2 ili apate ukungu atakuwa ameingiza nuru mara 64 kuliko inayotakiwa, na itambidi avae kichujio cheusi mbele ya lenzi. Kamera za Hasselblad X zina kilango ndani ya lenzi, kinachokubaliana na flashi hata kwa 1/2000, na hizo huruhusu f/4 katika jua lile lile. Nazo za fremu kamili kwa kawaida hufika 1/200 au 1/250. Hapa basi, tofauti ya vilango ina uzito kuliko tofauti ya mabamba.

Mintarafu ya rangi ya ngozi, historia ina funzo lake. Kwa miaka mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ikadhulumiwa tangu kiwandani. Kamera za leo hazina dhuluma ya namna ile, ila kipimanuru chake bado hudhani kuwa kila kilicho mbele yake hurudisha nuru kama rangi ya kijivu ya wastani. Kikiona shela jeupe la bibi harusi hupunguza nuru, na uso wa mwenye shela hutumbukia gizani, mahali penye chembe chache na chengachenga nyingi. Bamba kubwa husaidia kuuokoa uso huo baadaye, lakini mpiga picha aliyeupima uso wenyewe, akauongezea nuru kwa kitambaa cheupe cha kuakisi, hana cha kuokoa.

Lililobaki ni karatasi. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, hudai pikseli milioni 2.1 tu. Kamera ya megapikseli 24 hutosha karatasi ya sentimita 51 kwa 34 kwa ukali huo huo, na ya GFX yenye megapikseli 102 hufika sentimita 99 kwa 74. Lakini jicho lenye afya, likiwa mita mbili kutoka ukutani, haliwezi kutenganisha nukta zilizokaribiana kuliko nusu milimita na kidogo, hata nukta 44 kwa inchi zikamtosha mgeni aliyeketi sebuleni. Ukali wa umbo la kati humfaidi mtazamaji anayesogea karibu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mwaka 2021 kamera ya GFX100S ilitoka kwa dola 6,000 za Marekani bila lenzi, ilhali mwaka 2018 Sony A7 III ya fremu kamili ilikuwa imetoka kwa dola 2,000. Na tofauti hiyo hununua lenzi nzuri ya milimita 85, flashi mbili na vitambaa vya kuakisi, na fedha hubaki. Apigaye picha za hati, za mahafali na za harusi, anayekimbizana na watu wasiotulia na nuru isiyotabirika, fremu kamili itamtumikia vyema zaidi. Umbo la kati ni haki ya mwenye studio yake, mwenye flashi anazozitawala, ambaye wateja wake huketi wakatulia na kulipia picha za upana wa mita nzima. Anayesitasita na afungue daftari lake la mauzo, ahesabu ni picha ngapi za namna hiyo alizouza mwaka jana. Zikiwa hazitoshi kulipa bei ya kamera, daftari limekwisha kumjibu.