Laos: Nchi ya Milima Isiyo na Pwani

Msomaji akiifungua ramani ya Asia ya Kusini-Mashariki ataiona Laos imezungukwa na majirani watano: China, Vietnam, Kambodia, Thailand na Myanmar. Katika eneo lile lote ndiyo nchi pekee isiyopakana na bahari. Anayengoja saruji na mafuta kutoka bandari ya nchi nyingine hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Eneo lake ni kilomita za mraba 236,800, sehemu kubwa ikiwa milima na misitu. Wakazi wamepita milioni 7, na Serikali inatambua makabila 50. Walao wa mabondeni ndio wengi. Milimani wako Wakhmu, Wahmong na wengineo. Chakula kikuu ni wali wa kunata, upikwao kwa mvuke na kutiwa katika kikapu kidogo cha mianzi chenye kifuniko. Mlaji humega tonge, akalifinyanga kwa vidole na kulichovya katika pilipili iliyopondwa. Mkulima aendaye shambani huchukua kikapu chake.

Mto Mekong ndio uliokuwa njia kuu. Wafaransa, walioitawala nchi tangu 1893 hadi 1953, walitumaini kupandisha meli mpaka China, lakini maporomoko ya Khone yaliwazuia. Walijenga hata reli fupi visiwani ili kuvusha vyombo nchi kavu. Siku hizi imebaki kumbukumbu tu. Reli ya maana ilifunguliwa Desemba 1981 pamoja na miaka 40, yaani 2021, kutoka Vientiane, mji mkuu, hadi mpaka wa China. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, na deni lake si dogo.

Ufalme uliondolewa tarehe 2 Desemba 1975. Rais wa kwanza wa Jamhuri, Souphanouvong, alikuwa mwenyewe mtoto wa ukoo wa kifalme. Waziri Mkuu alikuwa Kaysone Phomvihane. Chama kimoja, Chama cha Mapinduzi cha Umma wa Lao, kingali kinashika hatamu. Bunge huchaguliwa kila miaka 5, nalo humchagua Rais.

Lakini lililo zito kuliko yote limo ardhini. Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliangusha humo zaidi ya tani milioni 2 za mabomu. Mengi yalipasuka angani na kutawanya vibomu vidogo, na inakadiriwa kuwa milioni 80 kati ya hivyo havikulipuka. Kibomu hicho hulingana na chungwa, na mtoto hukidhania mpira. Jembe nalo halichagui. Huko Xieng Khouang wanavijiji huyeyusha mabaki ya vita na kufua vijiko vya kuuza sokoni, na vikosi vya kutegua mabomu, ambavyo vingine ni vya wanawake watupu, hupima mashamba hatua kwa hatua kabla ya mpunga kupandwa.