Vimeng'enya vya Lisosomu na Saratani ya Utumbo Mpana

Mwalimu mmoja wa Chang'ombe, wilayani Temeke, alituletea tafsiri ya kijarida cha afya akitaka tuipitie. Humo ilikuwamo sentensi hii: "Vimeng'enya vya seli hula saratani ya utumbo mpana." Matini asilia ilisema kinyume, kwamba vimeng'enya hivyo huisaidia saratani kuenea. Mgonjwa angeisoma tafsiri hiyo akafurahia kitu kinachomdhuru.

Lisosomu ni kifuko kidogo ndani ya seli, kilichopewa jina na Christian de Duve wa Ubelgiji mwaka 1955 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuyeyusha na mwili. Humo mna vimeng'enya vipatavyo 60, ambavyo hufanya kazi vizuri penye asidi. Kwa kawaida humeng'enya takataka za seli vikiwa vimefungiwa humo humo. Lakini katika saratani ya utumbo mpana na puru, baadhi yake, hasa kathepsini B, huweza kuzalishwa kwa wingi na kutolewa nje ya seli. Huko humeng'enya protini za utando wa msingi, yaani ule ukuta mwembamba unaozitenga seli za ngozi ya ndani ya utumbo na tishu zilizo chini yake. Ukuta ukishatoboka, seli za saratani hupenya, zikaifikia mishipa ya damu na limfu, na mara nyingi zikaishia katika ini. Kiliwacho, basi, ni ukuta.

Istilahi kimeng'enya, itokanayo na kitenzi meng'enya, inafaa sana hapa, pengine kuliko mahali pengine. Maana vipo vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuunganisha, na jina hili huvionea kidogo. Ama lisosomu, wapo wanaopendelea "kifuko-meng'enyo". Sisi hatukubaliani nao, kwa kuwa seli ina vifuko vingi na msomaji atavichanganya. Kuhusu saratani na kansa hatuoni haja ya ugomvi: la kwanza kwa Kiarabu na la pili kwa Kilatini, yote mawili ni kaa yule yule wa pwani.

Mwalimu tulimrudishia sentensi hii: "Vimeng'enya vitokavyo katika lisosomu za seli za saratani humeng'enya utando wa msingi wa utumbo mpana, na hivyo kuifungulia saratani njia ya kuenea."