Kwa Nini Mafuta ya Pamba Huganda

Mnunuzi wa Bariadi aliyeweka mafuta ya pamba katika jokofu, akayakuta kesho yake yana ukungu mweupe, huenda akamshuku mkamuaji kwamba amechanganya shahamu. Lakini ukungu peke yake hauthibitishi udanganyifu. Katika mafuta ya mbegu za pamba, zao maarufu la Mkoa wa Simiyu, asidi palmitiki hufikia takriban robo ya asidi zote za mafuta. Katika alizeti ni kidogo sana. Asidi hiyo, ikiwa peke yake, huyeyuka kwenye nyuzi 63 za Sentigredi. Ndiyo sababu viwanda vikubwa huyapoza mafuta polepole na kuchuja fuwele kabla ya kuyatia chupani.

Fuwele, hata hivyo, huhitaji kiini cha kuanzia. Hapo ndipo zinapoingia emulsifaya, yaani vitu viwezeshavyo maji na mafuta kuchanganyika. Monogliseridi za asidi stiariki huganda mapema, mafuta yenyewe yangali majimaji. Juu ya fuwele zake molekuli za mafuta hupata mahali pa kujipanga. Fuwele huwa nyingi na ndogo, na majarini huwa laini ulimini. Samli iliyopoa polepole huonyesha hali tofauti: chenga kubwa, ambazo katika samli, kwa kweli, si kasoro.

Lesithini yaweza kutenda kinyume: hujibandika kwenye nyuso za fuwele changa na kuchelewesha ukuaji wake.

Darasani, chupa mbili zatosha, ya pamba na ya alizeti iliyosafishwa, zikilazwa pamoja katika jokofu.