MAELEZO KWA WANANCHI: TIBA YA KIINI CHA JINO KWA WATOTO

Jino la mtoto likioza na kuanza kuuma, aghalabu uamuzi unaochukuliwa nyumbani ni mmoja tu: ling'olewe, kwani ni jino la utotoni na litaota jengine. Uamuzi huo unaeleweka, lakini mara nyingi si sahihi. Maelezo haya yanahusu tiba ya kiini cha jino, ambayo huweza kuliokoa jino hilo, pamoja na mambo ambayo mzazi anapaswa kuyazingatia kabla ya kukubali ling'olewe. Mifano imechukuliwa kutoka Moshi na vijiji vya mteremko wa Mlima Kilimanjaro, ambako meno ya watoto yamechunguzwa kwa miaka mingi na suala hili lina sura yake ya pekee.

KIINI CHA JINO NI NINI

Jino lina sehemu kuu tatu. Ya nje ni gamba gumu jeupe liitwalo enameli. Ndani ya gamba hilo iko dentini, iliyo laini zaidi. Katikati kuna uwazi uliojaa kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo huteremka hadi kwenye ncha za mizizi.

Kuoza huanza pale vijidudu vya kinywani vinapogeuza sukari kuwa tindikali. Maadamu tundu halijapita dentini, jino huzibwa na shughuli ikaisha. Vijidudu vikishakifikia kiini, kuziba peke yake hakutoshi, kwani maradhi hufungiwa ndani. Ifahamike kwamba katika meno ya utotoni enameli na dentini ni nyembamba, na kiini ni kikubwa kikilinganishwa na jino lenyewe. Kwa hiyo tundu linaloonekana dogo huweza kukifikia kiini upesi kuliko inavyodhaniwa.

KWA NINI JINO LA UTOTONI LIHIFADHIWE

Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na umri wa miaka 6 hivi, lakini magego hubaki hadi miaka 10 au 12. Gego likitolewa mtoto akiwa na miaka 5, gego la ukubwani linaloota nyuma yake husogea mbele na kuziba nafasi ya jino linalosubiri chini ya ufizi. Jino hilo hatimaye huota upande, au hukosa njia kabisa.

Kwa upande mwengine, gego bovu likiachwa bila ya tiba, usaha wake huweza kuliharibu jino la ukubwani lingali linajengeka chini yake. Mtoto naye hulala vibaya, hula kwa upande mmoja, na husikiliza maumivu badala ya mwalimu.

Hapa wazazi wanatahadharishwa jambo moja. Gego la kwanza la ukubwani huota katika umri wa miaka 6, nyuma ya meno yote, bila ya jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hulidhani kuwa ni la utotoni. Likitolewa, halioti jengine.

TIBA INAVYOFANYWA

Baada ya kupiga ganzi, daktari huchagua moja kati ya njia hizi:

(a) Kutoa sehemu ya kiini. Iwapo kiini kilichomo kichwani mwa jino ndicho kilichoathirika, na cha mizizini kingali kizima, sehemu ya juu hukatwa na damu huzuiwa kwa pamba kwa dakika chache. Damu ikikatika, dawa huwekwa na jino hufunikwa. Isipokatika, hiyo ni dalili kwamba maradhi yameteremka. Kwa miaka mingi dawa iliyotumika zaidi ilikuwa formokresoli. Kwa vile ina formaldehidi, ambayo mwaka 2004 ilitiwa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, wataalamu wengi sasa hupendelea saruji maalumu ya meno.

(b) Kutoa kiini chote. Iwapo kiini kimekufa, njia za mizizi husafishwa na kujazwa dawa laini inayoweza kufyonzwa, kwa sababu mizizi ya jino la utotoni huyeyuka yenyewe wakati jino la ukubwani linapopanda. Miongoni mwa dawa za zamani ni mchanganyiko wa unga wa zinki na yujinoli, mafuta yapatikanayo katika karafuu.

(c) Kuhifadhi kiini cha gego changa la ukubwani. Mizizi ya gego hilo hukamilika takriban miaka 3 baada ya kuota. Daktari hujitahidi kiini cha mizizini kibakie hai ili mizizi imalizike kujengeka.

Baada ya njia ya (a) au (b), gego la utotoni aghalabu huvishwa kofia ya chuma kisichoshika kutu, ili lisivunjike na vijidudu visipenye tena.

MADOA YA KAHAWIA SI KUOZA

Watoto wengi wa Kilimanjaro na Arusha wana meno yenye madoa ya kahawia yanayotokana na floraidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta madoa makali si Rundugai tu, tambarare ambako maji yana floraidi nyingi, bali pia Kibosho, juu mlimani, ambako maji yana floraidi kidogo sana. Magadi ya kupikia pamoja na mwinuko wa mahali vilitajwa miongoni mwa mambo yanayochangia.

Madoa peke yake hayahitaji tiba ya kiini wala kung'oa. Lakini athari ikiwa kali, enameli humeguka na jino hupoteza kinga yake. Kwa hiyo jino la namna hiyo likianza kuuma, lisipuuzwe kwa kudhani kwamba ni "madoa ya maji" tu.

WAKATI WA KUNG'OA

Tiba ya kiini haifai kila jino. Kung'oa ndiyo njia sahihi iwapo jino limebakia mizizi tu, limekaribia kung'oka lenyewe, au usaha umekwisha kula mfupa. Aidha, mzazi wa mtoto mwenye maradhi ya moyo amweleze daktari mapema, kwani kwa mtoto huyo vijidudu vilivyobakia katika jino huweza kuwa hatari kuliko pengo.

Mzazi anayeteremka kutoka Marangu, Machame au Rombo hupoteza siku nzima ya kazi pamoja na nauli. Ni haki yake kuuliza: jino hili lingekaa miaka mingapi zaidi? Tiba itahitaji safari ngapi? Likitolewa, nafasi yake italindwa vipi? Jino la kukaa miaka 5 linastahiki safari ya pili. La kukaa miezi 6 pengine halistahiki.

HADHARI

1. Vidonge vya kuua vijidudu haviponyi jino lililooza. Uvimbe hupungua, kisha hurudi.

2. Aspirini isiwekwe kwenye ufizi, kwani huunguza. Wala asipewe mtoto kwa maumivu ya jino.

3. Uvimbe wa shavu au chini ya taya, pamoja na homa, taabu ya kumeza au jicho kuziba, ni dharura. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

KINGA

Tundu dogo likizibwa mapema, kiini hakiguswi. Mbinu ya kukwangua uozo kwa zana za mkono na kuziba, bila ya mashine wala umeme, ilijaribiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na wataalamu wa Dar es Salaam, na mwaka 1994 ikaungwa mkono na Shirika la Afya Duniani. Huweza kufanywa hata skulini.

Wakaazi wa Moshi na vitongoji vyake wanaweza kupata ushauri Hospitali ya Mawenzi au KCMC. Watumishi wa umma walio katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya waulize mapema ni huduma zipi za meno zinazolipiwa. Wakuu wa kazi nao wanaombwa kukumbuka kwamba ruhusa ya siku moja leo, kwa mzazi mwenye mtoto anayeumwa na jino, huenda ikaepusha kulazwa kwa mtoto huyo kesho.