Taa ya Baiskeli Ipimwe Mlimani

Katika nchi zilizo karibu na Ikweta giza halipigi hodi. Jua likishatua, hata nusu saa haipiti kabla usiku haujatanda. Mfanyakazi atokaye kazini, mwanafunzi aliyebaki shuleni kwa masomo ya jioni, na msafiri aliyefunga mizigo yake juu ya baiskeli kwa safari ya siku kadhaa, wote hukutwa njiani na giza hilo. Wote huhitaji taa ya mbele kwa sababu mbili: kuiona njia, na kuonekana na wenye magari.

Taa ya betri hutimiza haja hiyo maadamu betri ina nguvu. Taa ya dainamo haihitaji betri. Chakula chake ni miguu ya mwendeshaji. Lakini kila aliyepata kuitumia anaijua kasoro yake ya zamani. Huwaka kwa fahari baiskeli inapoteremka, hufifia inapopanda mlima, na huzimika kabisa inaposimama njia panda. Humwacha mwenyewe gizani pale pale anapopitwa na malori yaendayo kasi. Kwa hiyo anayechagua taa ya dainamo yampasa kuuliza kwanza jinsi iwakavyo katika mwendo mdogo. Jibu la swali hilo limo katika fizikia ya shule ya sekondari.

UMEME UTOKAO GURUDUMUNI

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha jijini London kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, mkondo wa umeme hupita katika waya huo. Dainamo ya baiskeli ni matunda ya ugunduzi huo. Sumaku huzunguka, koili hutulia; na kwa kuwa ncha za kaskazini na za kusini hupokezana mbele ya koili, mkondo upatikanao ni mkondo geu, yaani ule ubadilishao mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde.

Dainamo nyingi za baiskeli hutengenezwa kwa kipimo kimoja: volti 6 na wati 3 baiskeli iendapo kilometa 15 kwa saa. Mkondo wake basi ni nusu ampea. Katika mpango wa zamani wa globu, wati 2.4 zilikwenda taa ya mbele na wati 0.6 taa ya nyuma.

Mtu angetazamia kwamba mwendo ukizidi, mkondo nao utazidi hata kuunguza globu. Haiwi hivyo, kwa sababu koili yenyewe huukinza mkondo geu, na ukinzani huo huongezeka kadiri mkondo unavyobadilika upesi zaidi. Kisukumacho na kizuiacho hukua pamoja, na mkondo hubaki karibu na nusu ampea. Lakini globu ya nyuma ikiungua, mkondo wote huelekea mbele, na globu ya mbele nayo haikawii kuifuata mwenzake.

Upande wa mwendo mdogo hakuna msaada wa namna hiyo. Katika kilometa 5 kwa saa, ambao ni mwendo wa baiskeli yenye mzigo mlimani, dainamo hutoa volti 3 hivi. Nusu ya volti haileti nusu ya mwanga. Waya wa globu ukipoa kidogo, nuru yake huanguka sana, hata ikabaki takriban moja ya kumi. Hiyo ndiyo siri ya taa ifiayo mlimani.

TAIRINI AU KITOVUNI

Dainamo ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ina umbo la chupa, na kigurudumu chake husuguana na ubavu wa tairi. Bei yake ni nafuu, fundi yeyote aweza kuifunga, na mchana huondolewa tairini isimchoshe mwendeshaji. Lakini mvua na matope hukitelezesha kigurudumu, na sehemu kubwa ya nguvu za miguu, mara nyingi zaidi ya nusu, hupotea katika msuguano.

Ya pili hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, ambacho mafundi hukiita habu. Kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham, Uingereza, kilitoa dainamo za namna hiyo katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1990 Wilfried Schmidt wa Tübingen, Ujerumani, na kampuni ya Shimano ya Japani walitoa dainamo za kitovuni za kisasa zaidi. Aina hii haina kitu cha kuteleza. Zilizo bora hugeuza zaidi ya asilimia 60 ya kazi kuwa umeme, hivyo wati 3 za taa humgharimu mwendeshaji wati 5 hivi, kati ya wati 75 au 100 anazotoa katika mwendo wa kawaida. Gharama yake ni kubwa, kwa kuwa hapana budi gurudumu lisukwe upya.

Kwa mtu aendaye kilometa chache mjini, dainamo ya tairini yaweza kutosha. Kwa msafiri wa siku nyingi, na kwa yule apandaye baiskeli kila jioni masika yote, ya kitovuni hulipa gharama yake. Katika safari ya Paris–Brest–Paris, ambamo waendeshaji hupewa muda wa hadi saa 90 kumaliza kilometa 1,200 hivi usiku na mchana, wengi huitumia hiyo.

DIODI NA KAPASITA

Globu hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Diodi itoayo mwanga haifanyi hivyo. Diodi nyeupe iliwezekana baada ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kupata diodi ya buluu yenye nguvu. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa wati zile zile, diodi nzuri hutoa mwanga mara tano ya globu au zaidi, na huanza kuwaka baiskeli iendapo kwa mwendo wa mtu atembeaye.

Hata hivyo, mwendo huo una tatizo lake. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, likienda kilometa 4 kwa saa, huzunguka mara moja kwa kila sekunde mbili. Dainamo yenye ncha 26 za sumaku hutoa mizunguko 13 ya umeme kwa kila mzunguko wa gurudumu. Basi ni mizunguko 6 au 7 tu kwa sekunde, na jicho huona taa ikipepesa. Dawa yake ni kapasita, ambayo huhifadhi umeme na kuutoa mkondo unapopungua. Kapasita kubwa huiwezesha taa kuwaka kwa dakika kadhaa baada ya baiskeli kusimama. Kwa mpita njia panda za mjini, sifa hiyo yaweza kuwa na thamani kuliko mwanga mkali.

NURU IANGUKIE WAPI

Mwanga uangukao mahali hupimwa kwa luksi. Sheria ya Ujerumani hudai taa ya mbele itoe angalau luksi 10 umbali wa mita 10, na huzuia nuru nyingi isipande juu ikawatia kiwi wajao. Umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga hugawanyika kwa nne: luksi 40 kwenye mita 10 ni luksi 10 tu kwenye mita 20. Hesabu hiyo ilinganishwe na breki. Kwenye lami kavu, mwendeshaji wa kilometa 15 kwa saa husimama ndani ya mita 7 hivi, pamoja na sekunde moja ya kutanabahi. Wa kilometa 30 huhitaji karibu mita 20.

Kwa barabara za mjini, basi, yafaa taa yenye nuru iliyokatwa juu. Kwa njia za porini nuru pana ni bora, ionyeshe matawi yaliyoinama na ardhi iliyo karibu na gurudumu. Msafiri afungaye mzigo usukanini aiweke taa chini yake, juu ya uma wa mbele, ili mzigo usiikinge. Taa iliyo chini hurefusha vivuli vya mashimo, yakaonekana upesi. Akitaka kuchaji simu kwa dainamo, afanye hivyo mchana. Wati 3 hazitoshi kulisha taa na simu kwa pamoja.

JARIBIO KABLA YA KULIPA

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa darasani au dukani. Baiskeli igeuzwe juu chini, na gurudumu la mbele lizungushwe kwa mkono mara moja kwa kila sekunde mbili. Taa nzuri huanza kuwaka hapo. Kisha lizungushwe kwa kasi kwa dakika mbili na kusimamishwa ghafla. Wanafunzi wahesabu sekunde hadi taa izimike. Mwisho, gurudumu lisukumwe kwa nguvu ile ile taa ikiwa imeunganishwa, kisha ikiwa imetenganishwa. Litachelewa zaidi kusimama taa isipokuwapo, kwa maana umeme hautoki bure. Nyaya zilizo wazi zisiguswe gurudumu liendapo mbio, kwani dainamo isiyo na taa yaweza kutoa makumi ya volti.

Taa ishindwayo jaribio la mzunguko mmoja kwa sekunde mbili itashindwa mlimani vilevile, hata kama muuzaji aliizungusha kwa kasi ikaangaza duka zima.