Kidonge cha sonona, kidonge cha chafya
Mwaka 2004 kampuni ya Bristol-Myers Squibb iliacha kuuza Serzone, dawa ya sonona, nchini Marekani. Habari kubwa ilikuwa ini. Moyo ulitajwa kidogo mno. Serzone huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunjavunja dawa nyingine. Mgonjwa akimeza pamoja nayo terfenadine, kidonge cha chafya na mzio tu, terfenadine hurundikana mwilini, umeme wa moyo huvurugika, na moyo unaweza kusimama ghafla. Ndiyo maana maelezo ya Serzone yalikataza kuzichanganya. Terfenadine nayo iliondolewa sokoni.

Mzazi anayetumia dawa ya sonona asiiache ghafla kwa hofu. Amtajie mfamasia kila anachomeza, hata kile cha mafua alichopewa na jirani.