"Mtandao Umekufa"? Uliza Jina Kwanza

Hapa Airport, kuanzia Magongo mpaka Port Reitz, hakuna neno linalomchosha msafiri kama "mtandao umekufa". Umeingia saiba kuchapisha tiketi, au kumwombea mgeni wako idhini ya eTA, ambayo tangu Januari 2024 imechukua nafasi ya viza. Ndege yake ni kesho. Kijana anabofya mara mbili tatu, ukurasa haufunguki, anakupa hukumu hiyo. Watoka ukapande matatu kutafuta saiba nyingine.

Mimi nasema mara nyingi mtandao haujafa. Pengine ni jina tu lisilopata namba yake, na kulijua hilo si kazi ya mhandisi.

Utazame uwanja wetu wa ndege. Sisi twauita Airport, basi. Kwenye karatasi za serikali ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Kibandiko cha sanduku kinasema MBA, na rubani katika mpango wa safari yake huandika HKMO. Mahali ni pamoja, majina ni mengi. Kompyuta nazo ni hivyo hivyo: sisi twatumia majina, zenyewe zafuata namba. Ukiandika www.etakenya.go.ke, lazima kwanza kuwe na wa kuulizwa: huyu namba yake ni ipi?

Anayeulizwa ni mfumo uitwao DNS, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake, majina yote yaliwekwa katika faili moja lililonakiliwa huku na huku. Majina yetu yanayoishia na .ke yalianza mwaka 1993, na leo yanasimamiwa na KENIC.

Wewe mwenyewe waweza kuuliza. Kwenye Windows, fungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd, kisha andika:

nslookup www.etakenya.go.ke

Juu utaona nani amejibu, chini yake namba. Ukiambiwa "Non-existent domain", jina hilo halipo. Angalia herufi, huenda umekosea. Ukiambiwa "timed out", uliyemuuliza hakujibu. Hapo muulize mwingine:

nslookup www.etakenya.go.ke 8.8.8.8

Huyo ni mjibuji wa Google. Yeye akijibu na yule wa kwanza akanyamaza, intaneti yako iko hai. Kilicholala ni kitabu cha majina cha kampuni inayokuuzia intaneti, au kisanduku cha waya-fai pale ukutani. Badilisha mjibuji kwenye mipangilio, kazi iendelee.

Wenye Linux wana amri ya getent hosts, ikifuatiwa na jina. Hii hutazama kwanza faili la majina lililo ndani ya kompyuta yenyewe, ambalo nslookup hailisomi. Windows nayo inalo faili hilo, laitwa hosts, na kivinjari hulifuata. Mtu mbaya akiandika humo namba yake mbele ya jina la benki, utapelekwa kwake huku jina likionekana sahihi. Kwenye kompyuta inayoguswa na kila mpita njia, faili hilo lafaa kukaguliwa mara kwa mara.

Namba nayo haitoshi. Ukifika Airport, bado yakubidi ujue waenda kwa wanaowasili, wanaoondoka au kwenye mizigo. Huduma za kompyuta zina milango yake, nayo ina namba: tovuti salama za https ni 443, barua pepe za smtp ni 25, DNS yenyewe ni 53. Kwenye Linux, getent services https itakujibu 443/tcp. Kwenye PowerShell ya Windows, Test-NetConnection, jina, kisha -Port 443, itakwambia kama mlango unafunguka.

Tofauti hii tumeiona kwa macho. Tarehe 4 Oktoba 2021, baada ya Maghribi, WhatsApp na Facebook zilizimika kwa takriban saa sita. Kampuni ilikuwa imejikata njia yenyewe, na wajibuji wake wa majina hawakufikika. Ukiuliza jina, kimya. Julai 2023 ikawa zamu ya eCitizen. Serikali ilieleza kwamba mfumo ulifurikishwa maombi kupita kiasi. Katika shambulio la namna hiyo jina laweza kupata namba vizuri kabisa, lakini mlangoni pamejaa. La kwanza huponywi kwa kubadilisha mjibuji, la pili huponywi kwa kubadilisha saiba. Ukijua hivyo, hutupi nauli bure.

Tahadhari moja: jina kupata namba si ushahidi kwamba mwenyewe ni mkweli. Tapeli naye hununua jina. Kwa mambo ya serikali, soma mwisho wake: .go.ke imetengewa taasisi za serikali.

Wenye saiba wa Airport, wafundisheni vijana wenu amri hizi. Ni somo la nusu saa. Nawe msomaji, ukiambiwa mtandao umekufa, uliza kwa upole: jina limepata namba? Mlango umefunguka? Asiyeweza kujibu hayo mawili hajapima, amekisia.